Ngozi ya mtoto inaharibika pale anapochomekwa seti ya pampu, nianzie wapi?

Mama Zuhura (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada wenu kuhusu ngozi. Mtoto ana miaka 11, kisukari aina ya kwanza, anatumia pampu ya insulini ya mrija, na seti yake ina kanula (kijirija kinachoingia chini ya ngozi) laini ya tefloni ya milimita 6. Tunachomeka tumboni tu, kulia na kushoto, maana mapajani anasema panauma. Seti zinaagizwa nje na bei ni kali, kwa hiyo moja tunaivuta mpaka siku ya nne, mara nyingine ya tano.

Sasa chini ya plasta panawasha kuanzia siku ya pili, na tukibandua tunakuta vipele vidogo vya maji vimejipanga sawasawa na umbo la plasta. Tundu la juzi limekuwa gumu, lina joto, ukiligusa anaruka. Na kushoto mwa kitovu pamevimba kama andazi dogo, hapaumi kabisa, na ndipo anapopenda kuchomekwa. Sukari siku ya nne inafika 16 mpaka 18 mmol/L kwa chakula kilekile. Tunasafisha kwa spiriti, tunabandika, basi.

nesi_kisukari

Mama Zuhura, pole sana. Hayo ni matatizo matatu tofauti, kila moja na dawa yake, na ukiyachanganya utaharibu. Anzia hilo tundu lenye joto. Gumu, la moto na linauma ni dalili za maambukizi, mara nyingi bakteria wa stafilokokasi waliopita kwenye tundu la kanula. Aonwe na daktari leo.

Wakati mnajiandaa kwenda: kama seti iliyopo mwilini iko karibu na hapo, itoe na uweke mpya upande mwingine wa mwili. Chukua kalamu ya wino, zungushia mstari pale ugumu unapoishia, andika na saa. Usikamue, wala usitoboe kwa sindano, kwa sababu unasukuma usaha ndani zaidi. Kama ni jipu litapasuliwa hospitali, na antibiotiki atapanga daktari kwa uzito wa mtoto. Homa, kutapika, mchirizi unaotambaa kutoka kwenye tundu, au uvimbe kuvuka ule mstari: hapo hakuna cha kusubiri zamu ya asubuhi.

Kuna jambo ambalo vipeperushi vingi havilisemi. Vinaandika "tafuta wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane kabisa. Tafuta ngozi iliyokolea kuelekea zambarau, inayong'aa na kukazana. Halafu weka mgongo wa kiganja chako hapo, kisha upande wa pili wa tumbo, ulinganishe joto. Mkono utakwambia kabla ya jicho.

Maambukizi yenyewe yanapandisha sukari, na pampu haina insulini ya muda mrefu ya kumshikilia. Kanula ikiziba au ikipinda, ketoni (tindikali ambazo mwili hutengeneza ukikosa insulini) zinaweza kuanza kujikusanya ndani ya saa 4 hadi 6. Kwa hiyo sukari ikizidi 14 mara mbili mfululizo, pima ketoni za damu. Zikiwa 0.6 au zaidi, dozi ya kushusha sukari itolewe kwa peni ya insulini au sirinji, siyo kwa pampu, kisha badilisha seti nzima. Zikivuka 1.5 pigia daktari wenu. Zikifika 3, au akianza kutapika, ni dharura.

Salim_Muscat

Nachangia upande wa plasta, dada yangu. Umbo la vipele ndilo linalosema. Vikifuata kingo za plasta, tatizo ni gundi. Vikizunguka tundu peke yake, angalia kanula, maambukizi, au insulini yenyewe, maana ndani yake mna vihifadhi kama metakresoli ambavyo huwasha baadhi ya watu.

Gundi nayo ina njia mbili. Ya kwanza ni ngozi kuchoka tu: jasho limefungiwa chini ya plasta, unabandua kwa nguvu, unabandika tena palepale. Inachoma zaidi ya kuwasha, na ukipaacha wazi panatulia ndani ya siku moja au mbili. Ya pili ni mzio wa kweli: mwasho mkali, vipele vya maji, vinaweza kutoka nje ya kingo za plasta, vinadumu wiki na zaidi, na kila ukirudia vinawahi kuliko mwanzo. Maelezo yako yananielekeza kwenye mzio. Mwaka 2017 watafiti walikuta kemikali iitwayo aisobornili akrilati kwenye kihisi cha kupima sukari cha FreeStyle Libre, ikiwa ndiyo inayoleta mzio kwa watumiaji, na baadaye ikapatikana kwenye vifaa vingine vya kisukari. Kwa hiyo kubadili plasta ya juu hakusaidii kama kemikali imo kwenye kifaa chenyewe. Daktari wa ngozi anaweza kumbandika vipimo mgongoni, visomwe baada ya siku 2 na tena baada ya siku 3 au 4. Nenda na seti moja mpya ambayo haijafunguliwa, aione.

Kwa sasa weka kizuizi kati ya ngozi na gundi. Osha kwa sabuni isiyo na manukato na maji, kausha kabisa. Spiriti pitisha mara moja, subiri kama nusu dakika ikauke yenyewe, usipepee wala kupuliza. Ikiwa mbichi, kanula inaiingiza ndani na mtoto anaungua, na gundi haishiki. Kisha kata kipande cha plasta nyembamba ya haidrokoloidi, ile ya malengelenge, kikubwa kuliko plasta ya seti kwa sentimita 1 kila upande. Pembe zake ziviringishe kwa mkasi, kwa kuwa pembe kali ndiyo inayoanza kunyanyuka kwa jasho. Katikati toboa dirisha la sentimita 1 hivi, kanula ipite kwenye ngozi tupu, isibebe gundi kwenda nayo ndani. Bandika, kandamiza kwa kiganja dakika moja lishike joto la mwili, ndipo uchomeke.

Utaona baadhi ya watu wanapuliza dawa ya pua ya flutikasoni kwenye ngozi kabla ya plasta. Inasaidia, lakini ni steroidi inayofungiwa chini ya plasta, na ngozi inaweza kuwa nyembamba. Kwa mtoto, daktari aidhinishe kwanza. Losheni na krimu usipake pale unapotaka kubandika.

pampu_na_peni

Hilo "andazi" ni mafuta ya chini ya ngozi yaliyokua kwa sababu insulini imemiminwa palepale muda mrefu. Haliumi, ndiyo maana watoto wanalipenda, lakini insulini ikiingia humo inatoka inavyotaka: leo taratibu, kesho kwa kishindo. Pumzisheni hapo kwa miezi, mpaka vidole vikipita na sabuni visihisi tena ukingo.

Tahadhari, Mama Zuhura: mkihamia ngozi nzima, dozi zilezile zinaweza kumshusha sukari vibaya. Ongea na daktari kuhusu kupunguza, na siku za mwanzo mpime usiku pia.

Kwa kuhama, jaribu juu ya kalio, upande wa nje. Kwa watoto wengi pana nyama na pananyamaza. Mapaja kumuuma huenda ni kwa kuwa ni mwembamba na kanula ya wima inagusa msuli. Hapo mfinye ngozi kidogo wakati wa kuchomeka, au omba kanula ya mshazari. Kila tundu jipya liwe angalau sentimita 3 kutoka lililopita, na sentimita 5 kutoka kitovuni.

Halafu siku ya nne. Naelewa bei, kabisa. Ila hiyo 16 na 18 ndiyo gharama ya kuivuta seti. Kanula ya tefloni kwa kawaida ni siku 2 hadi 3, ya chuma ni siku 2. Kuna aina ambazo kanula inauzwa kando na mrija, unabadilisha kichwa tu, ulizia. Seti zikipungua, ni salama zaidi kupanga na daktari siku kadhaa za peni, pamoja na insulini ya muda mrefu iliyopigiwa hesabu, kuliko kuacha kanula ya siku tano.

Mama Zuhura

Ahsanteni sana, tunatoka kwenda hospitali sasa hivi. Moja tu: kubandua, mafuta ya nazi yanafaa?

Salim_Muscat

Yanafaa. Pakaza ukingoni kwa pamba, subiri dakika 5, bandua polepole ukilaza plasta karibu na ngozi badala ya kuivuta juu, huku kidole cha mkono wa pili kinaikandamiza ngozi nyuma yake. Maliza kwa sabuni, kwa sababu mafuta yakibaki plasta inayofuata itateleza. Nendeni salama, mtoto apone haraka inshallah.