Alamu ya nyumba ya bei poa: Wyze, Ring au SimpliSafe?

MwanaTemeke_TX
Wakuu, wakubwa shikamooni. Nimepanga nyumba Houston, mlango wa nyuma unatazama kichochoro na madirisha mawili yako chini kabisa. Wife anaingia zamu ya usiku hospitali, mimi niko barabarani na lori. Nataka alamu ambayo ikilia kuna mtu kituoni anaipokea na kuita polisi, siyo ya kunitumia ujumbe nikiwa Oklahoma nimeshika usukani. ADT, ile kampuni kubwa ya alamu, nimewaweka pembeni, mikataba ya miaka mitatu mpangaji kama mimi siiwezi. Wyze wanataka dola 9.99 kwa mwezi, SimpliSafe ni mara mbili au zaidi. Hiyo tofauti nalipia nini hasa?

BintiTanga
Niko Columbus, natumia Wyze. Mlango ukifunguliwa wakati alamu imewashwa, unapewa muda mfupi wa kubonyeza namba ya siri. Ukipita, king'ora kinalia na taarifa inakwenda Noonlight, kampuni ya St. Louis, maana Wyze wenyewe hawana kituo. Wanakutumia ujumbe, wanakupigia, wakikukosa wanaita polisi. Mdogo wangu aliingia bila kujua namba, simu ikaita hata viatu hajavua. Kwa dola kumi, mimi sina neno.

Mzee_wa_Nyaya
Dada hapo juu kasema kweli, ila yote hayo yanategemea intaneti iwepo. Na wewe uko Houston, kaka. Tarehe 8 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopita, wateja zaidi ya milioni 2 wa CenterPoint, kampuni ya umeme, walikaa gizani, wengine zaidi ya wiki. Umeme ukikatika, ruta inazima. Kile kiboksi kikuu cha alamu ya Wyze kina betri, lakini hakina laini ya simu, kwa hiyo kitapiga kelele humo ndani na majirani watasikia, ila St. Louis hawatajua chochote. Ring na SimpliSafe vina betri ya hadi saa 24, na ukilipia kifurushi cha kufuatiliwa, taarifa inapita kwenye minara ya simu. Hiyo ndiyo pesa unayoongeza. King'ora ni kilekile tu.

Wala usisubiri kimbunga. Zunguka nyuma ya nyumba yako uangalie waya wa intaneti unapoingilia. Nyumba nyingi hapa ni kiboksi cha plastiki kwenye ukuta, usawa wa kiuno, bila kufuli. Mwizi anayejua kazi anaanza na hapo. Ukinunua betri ya akiba ya ruta utakuwa umetibu umeme, lakini waya ukikatwa hujatibu kitu.

Kwa hiyo BintiTanga abaki na Wyze yake kama mtaa wake umetulia. Mwenye mke anayerudi alfajiri peke yake aongeze hizo dola.

Jirani_Mwema
Msisahau kamera. Februari 2024 Wyze walikiri kuwa wateja kama 13,000 walionyeshwa picha za kamera za watu wengine. Ring nao si malaika: mwaka 2023 walikubali kulipa dola milioni 5.8 kumaliza kesi ya FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja; wafanyakazi wao walikuwa wanachungulia video za wateja. Sebuleni na vyumbani weka vitambuzi vya mlango na mwendo, kamera ibaki nje. Hilo kwangu halina mjadala, yoyote utakayochagua.

BintiTanga
Ndiyo maana sina kamera yao hata moja, nina vitambuzi tu 😂

Kigamboni_Kwetu
Samahani naingilia. Niko Dar, shemeji anataka kuniletea hiyo Wyze. Itafaa?

Mzee_wa_Nyaya
King'ora na ujumbe kwenye simu unaweza kupata, ila kile kituo ni cha Marekani tu. Kwa huko tafuta kampuni ya ulinzi yenye kitufe cha dharura na gari la doria. Kabla hujasaini waulize gari linakesha wapi. Likikesha Posta wakati wewe uko Kigamboni, piga hesabu ya kivuko.

Jirani_Mwema
MwanaTemeke, kata kibali cha alamu cha jiji kabla hujawasha huduma. Houston wanakidai, na alamu za uongo zikizidi unatozwa. Miji mingine imekaza zaidi: Seattle tangu Oktoba 2024 polisi hawaji kwa mlio wa kitambuzi tu, wanataka video, sauti, kitufe cha dharura au mtu aliyeona.

Pia mlango wa mbao huku unavimba kwa unyevu. Kitambuzi ni vipande viwili, kimoja kwenye fremu na kingine kwenye mlango. Nafasi kati yao ikipanuka kidogo tu, mfumo unadhani mlango uko wazi. Vibandike karibukaribu, upande wa kitasa. Ni gundi tu, mwenye nyumba hatalalamikia matundu.

MwanaTemeke_TX
Nimewaelewa wakuu. Wyze naiacha. Sasa kati ya Ring na SimpliSafe?

Mzee_wa_Nyaya
Una kengele ya mlangoni ya Ring? Kama unayo chukua Ring, programu inakuwa moja. Kama huna, SimpliSafe, ila usilipe bei kamili. Punguzo lao haliishi, na wiki ya sikukuu ya Thanksgiving, mwezi Novemba, bei inashuka zaidi.

MwanaTemeke_TX
Kengele ninayo, mpangaji aliyetoka kaiacha.

Jirani_Mwema
Hakikisha kwanza kaiondoa kwenye akaunti yake. Vinginevyo bado anakuona ukitoka na kuingia.