Naomba ushauri: divai gani inamfaa anayeanza?

Wakuu, kwenye divai mimi bado mgeni. Juzi nilijaribu Cabernet Sauvignon, divai nyekundu. Funda la kwanza tu ulimi ukakauka, fizi zikakaza kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi. Nikaambiwa ni tanini, inatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Sawa, lakini raha iko wapi hapo?

Niliyoielewa ni Moscato d'Asti: tamu, ina vipovu kidogo, kilevi asilimia 5 hivi. Tatizo naimaliza kama juisi.

Sasa nataka kupanda polepole. Nijaribu Pinot Noir, nyekundu ambayo tanini yake si kali, au Riesling, ambayo ni nyeupe? Hii Riesling kuna tamu na kuna kavu (isiyo na utamu), mnazitofautishaje chupa ikiwa bado imefungwa? Na divai nyekundu mnaipoza kidogo kwanza?