Tramadol baada ya kuwekewa chuma pajani, naombeni ushauri

Habari wakuu, mdogo wangu alipata ajali ya bodaboda akavunjika paja, akafanyiwa oparesheni akawekewa chuma, hospitali wakampa tramadol za 50mg na panadol na kweli maumivu yalipungua, ila sasa mfupa unaunga vizuri na bado anazitaka, akikosa usiku ni jasho, miayo, tumbo linamsokota na hasira juu. Choo nacho kigumu balaa. Diclofenac (dawa nyingine ya maumivu) hawezi, ana vidonda vya tumbo. Najua hii tramadol ni ndugu yake mofini (dawa kali ya maumivu yenye uraibu) na kuikata ghafla ni hatari, sasa waliopitia hili daktari aliwapunguziaje? Nimrudishe kwa wa mifupa au kuna kitengo kingine? Naogopa jamani, bado kijana mdogo.