MJADALA: "Albamu imenishinda" na "msanii ameshindwa", ni kitu kimoja kweli?

Wadau habari za jioni. Kuna ndugu yetu juzi alisema muziki ukihitaji kusikilizwa mara tano ndo uuelewe basi aliyeutunga ameshindwa kazi, watu wengi wakamuunga mkono, na tangu siku hiyo halijanitoka kichwani. Mi nakataa, na nina mfano.

Albamu yenyewe ni Mëkanïk Dëstruktïẁ Kömmandöh ya Magma, bendi ya Ufaransa, ilitoka 1973. Kwa wasioijua, Magma ilianzishwa 1969 na mpiga drams Christian Vander, mtu aliyempenda sana John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani. Akabuni sayari inaitwa Kobaïa, akaibunia na lugha yake, na hiyo ndo wanayoimbia, kwahiyo Mfaransa wa Paris na mimi wa huku tunaanza sawa tu, wote hatuelewi neno. Ina vipande saba vilivyoungana, karibu dakika 39, kuna kwaya, kuna matarumbeta, na kuna piano inayorudia kitu kilekile mpaka unadhani santuri imekwama. Aina hiyo ya muziki wanaiita zeuhl, na ukiitafuta kwenye mafungu ya roki utaikuta kule kwa progresivu, yaani roki ya nyimbo ndefu zenye mipangilio mingi, upande wa watu wenye uvumilivu.

Mara ya kwanza niliizima kabla kipande cha kwanza hakijaisha, na kina dakika 9 na ushee. Natoka kazini, nimesimama kwenye daladala, hedifoni masikioni, na ile kwaya inaimba kama watu wanaotoa amri. Sikupata pa kushika. Nikaiacha wiki nzima.

Mara ya pili nikaisikiliza usiku, taa nimezima, nimelala chali, na bado sikuipenda ila nilifika mwisho. Ya tatu ndo kitu kikabadilika na naomba nieleze vizuri maana hapa ndo penye hoja yangu. Nilikuwa muda wote nasubiri kiitikio, kile kipande cha kuimba na wewe, kwa hiyo kila dakika inayopita bila kiitikio naona naibiwa. Siku hiyo nikaacha kusubiri nikalishika besi la Jannick Top, mpiga besi wao, peke yake, nikalifuata hilohilo tu kama mtu anayefuata taa ya gari la mbele usiku, na nikagundua kile nilichodhani kinajirudia hakijirudii. Kila duru kuna kitu kimeongezwa, mara sauti nyingine ya kike imeingia juu, mara matarumbeta, mara Vander kahamisha mapigo, na mzigo unapanda polepole mpaka unafika mahali kifua kinakubana. Mara ya kwanza haya yote yalikuwemo mlemle, masikio yangu tu ndo yalikuwa yanatafuta kitu kingine.

Sasa hoja za upande wa pili, maana nimezisikia.

Ya kwanza, kwamba utafurahiaje usichokielewa. Jamani. Wimbo wa Mario wa Franco na bendi yake TPOK Jazz ulipotoka 1985 wazee wetu waliucheza Dar, Nairobi, kila mahali, ni wangapi walikuwa wanajua Kilingala? Na rumba yenyewe ilitufundisha kungoja, watu wanakaa wanasikiliza maimbo ya taratibu dakika kadhaa kwa sababu wanajua sebene iko mbele, magitaa yatafunguka. Kwa hiyo uvumilivu tunao, ila kwa Franco tulipewa na wakubwa waliotuambia subiri hapo, na kwa Magma hakuna aliyetuambia.

Ya pili ndo ngumu zaidi na naiheshimu: kwamba ukisikiliza kitu chochote mara nyingi utakipenda tu, hata tangazo la sabuni utajikuta unaliimba. Kuna ukweli. Lakini tangazo mara ya hamsini unasikia kilekile ulichosikia mara ya kwanza, hii ya Magma mara ya tano nilisikia vitu ambavyo mara ya nne sikuvisikia. Halafu mazoea yangekuwa yanatosha, basi Tales from Topographic Oceans, albamu ya Yes, bendi ya roki ya Uingereza, ningeipenda, maana nayo nimeipa nafasi hivyohivyo, nyimbo nne tu kila mmoja umejaza upande mzima wa santuri, dakika 80 na kitu, nami hadi leo naona imevutwa mno. Na si mimi tu, mpiga kinanda wao mwenyewe Rick Wakeman hakuikubali ile kazi na 1974 akaondoka kwenye bendi. Kwa hiyo kurudia kunakupa nafasi ya kujua, hakukulazimishi kupenda.

Na nyie mnaopenda hizi albamu, tuambiane ukweli. Mtu akisema imemshinda tunamjibu "huna masikio", tunamfunga mlango palepale alipokuwa karibu kuingia. Yule ndugu wa juzi alijibiwa hivyo na watu wawili, ndo maana akakaza. Angeambiwa "shika besi, usingoje kiitikio" labda leo tungekuwa tunazungumza mengine.

Hakuna anayewajibika kuipa albamu yoyote dakika 39, watu wana kazi, wana watoto, wamechoka. Sema imekushinda, uko huru kabisa na sitakubishia. Ninachobishia ni kuhama kutoka hapo kwenda kumhukumu mtu aliyekaa akatunga lugha nzima kwamba hajui kazi yake, na wewe uliishia dakika ya sita.

Mliowahi kuijaribu hii au nyingine ya namna hii, semeni mliizima dakika ya ngapi na mlikuwa wapi mnasikilizia. Na wanaoona nimekosea waje na albamu waliyoirudia mara nyingi wakakuta ndani hamna kitu, waeleze walitafuta nini humo.