Naomba msaada wa Kihispania: kwa nini «durmiendo» na si «dormiendo»?

Mtembezi: Asalaam aleikum ndugu zangu. Natembeza wageni hapa Malindi, Kiitaliano nakisema vizuri. Sasa najisomea Kihispania. Maumbo ya kitendo kinachoendelea, kama hablando (kusema), comiendo (kula), viviendo (kuishi), hayo yameingia. Lakini nikiandika «dormiendo» (kulala) au «pediendo» (kuomba), programu ya simu inakataa. Nisaidieni upesi.

Binti Mambrui: Upesi wa nini, kaka?

Mzee wa Gede: Mimi Kiitaliano nilikiokota ufuoni nikiuza vinyago. Mama mmoja mgeni alikuwa akiniandikia maneno kwenye daftari kila jioni. Nyie mnataka simu iwafundishe.

Nahodha: Kiitaliano ndicho kinachokuponza. Wao husema dormendo, servendo, venendo, shina halitikisiki. Kihispania, vitenzi vingi vinavyoishia -ir na kugeuza shina, o huwa u: durmiendo, muriendo. E huwa i: pidiendo, sirviendo, diciendo, viniendo. Poder (kuweza) ni ya -er lakini imo humo: pudiendo. Shina likiishia na irabu, mara nyingi utaona y: leyendo, oyendo, trayendo. Ir (kwenda) yenyewe ni yendo. Usishangae, hata sisi twasema «anakula» lakini «akila». Mgeni akisema «anala» tunamsahihisha tu.

Binti Mambrui: Kaka hujanijibu.

Mtembezi: Nina wageni wa Hispania kesho kutwa. Niliwaambia nakisema. Arbuni nimepokea.

Mzee wa Gede: Mwanangu, arbuni ya uongo! Rudisha.

Mtembezi: Nimeshailipia mashua, mzee. Na magofu ya Gede nayajua jiwe kwa jiwe, hapo sikudanganya. Kiitaliano pia watanielewa kidogo.

Kaskazi: Hadithi ya kutunga hii. Mwezi wa saba, kusi limeshika, mashua gani itoke na watalii? Anatafuta wa kumfanyia zoezi la darasani.

Mtembezi: Wallahi si zoezi. Mashua ni ya hori la Mida, ndani ya mikoko.

Nahodha: Mida kunapitika hata wakati wa kusi. Mwacheni. Ila ndugu, waandikie ukweli leo, wapate nafasi ya kuamua. Na mkiondoka Gede sema «vamos», yaani twende, usihangaike na yendo.

Mtembezi: Nimewaandikia sasa hivi: «Estoy aprendiendo español», yaani bado najifunza Kihispania. Nangoja jibu.

Mzee wa Gede: Daftari lile bado ninalo. Kurasa za nyuma ni tupu, pitia kesho baada ya alasiri.