Gari la taka linapita saa 3 asubuhi: nani yuko nyumbani?

Mama wa Jang'ombe: Assalaam alaykum. Naomba tulijadili hili bila ya kutukanana. Mtaani kwetu, hapa mjini Zanzibar, tulikuwa na kontena la taka karibu na skuli. Huu mwezi wa tatu tangu liondolewe. Sasa gari linapita Jumatatu na Alkhamisi, saa 3 asubuhi, linapiga honi, na kila nyumba inalipa kwa mwezi.

Kulipa sikatai. Ninachokataa ni hiyo saa 3. Wakati huo mimi niko sokoni, mume wangu kazini, watoto skuli. Nani atoke na ndoo? Jumatano usiku tulipika vibua. Matumbo na magamba nikayafunga kwenye polo, alfajiri nikaliweka mlangoni. Niliporudi kunguru walishalichana, magamba yametapakaa hadi barazani kwa jirani, na bi mkubwa wa watu, kuinama kwenyewe kwa tabu, ameshika ufagio ananifagilia uchafu wangu. Wallahi niliona haya. Na kunguru hawa waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale taka za mji!

Mimi nasema gari lipite alfajiri, watu wakitoka kusali. Mnasemaje?

Jirani wa kontena: Dada, wewe ulikuwa ukitupa unaondoka. Mimi lilikuwa dirishani kwangu. Tumekula miaka madirisha yamefungwa. Masika yakija, maji yaliyopita chini yake yanaingia uani, na sisi tuliokiona kipindupindu cha 2015 na 2016 hatuwezi kuyaita yale maji ya mvua tu. Watoto ndio waliokuwa wakitumwa. Mtoto mkono haufiki juu, anamwaga pembeni anakimbia. Saa ibadilishwe, naunga mkono. Kontena lisirudi. Anayelitaka awekewe mlangoni kwake.

Mkaazi wa Kibele: Nyote mnazungumzia taka zikitoka mlangoni kwenu tu. Zinakuja huku, jaa liko kwetu. Fungueni hayo mapolo: makumbi, maganda ya muhogo na ndizi, wali uliolala. Vyote hivyo ni mbolea. Mwenye ua achimbe shimo afukie, mtaona gari linabaki na kidogo cha kuzoa.

Mama wa Jang'ombe: Sikusema lirudi, kaka, nimesema saa. Na wewe wa Kibele, maneno yako ni ya kweli, lakini ua wangu ni saruji tupu, na chini yake kuna karo la choo. Shimo nilichimbe wapi?

Leo niliwahi kurudi nikawauliza vijana wa gari kwa nini saa 3. Wakanambia gari ni moja na mitaa ni mingi, wakifika kwetu wameshapita kwengine. Basi kama ni moja, zamu zizunguke: wiki hii waanzie kwetu, wiki ijayo waanzie kwa wenzetu. Jumamosi asubuhi nakwenda kwa sheha wa mtaa wetu na hili. Anayetaka tufuatane aseme.