Pai ya tufaha: siagi tupu au uchanganye na mafuta ya mgando? Na tufaha lipi?

JikoLaSinza (Dar es Salaam)

Habari zenu wapishi wenzangu. Mama yangu anatimiza miaka 70 mwezi ujao na ameomba kitu kimoja tu: pai ya tufaha, ile yenye ganda chini na juu. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye nyumba ya walimu wa Kiingereza huko Moshi, akaijua hapo, na mpaka leo akipita kwenye meza ya matunda lazima aitaje.

Nimejaribu mara tatu. Juu inapiga rangi nzuri na mdalasini unanukia mpaka kwa majirani, lakini nikikata tu, maji yanatiririka na ganda la chini limelowa, halijaiva. Ninatumia unga wa ngano gramu 320, siagi gramu 225, chumvi kijiko cha chai na maji ya friji. Ndani naweka matufaha mekundu ya sokoni kilo moja na robo, sukari, mdalasini na ndimu. Oveni nyuzi 180 kwa dakika 45.

Naomba ushauri wa mafuta kwanza, maana kwa joto letu siagi inayeyuka kabla sijamaliza kusukuma. Halafu tufaha. Na je, mnapika matunda kwanza au mnayatia mabichi?

UngaNaMaziwa (Nairobi)

Dada, hongera kwa kumtafutia mama furaha yake. Swali la mafuta nililimaliza mwaka jana kwa kuoka maganda matatu siku moja, unga uleule, oveni ileile.

Siagi tupu ilishinda kwa ladha, na kwa mbali. Siagi si mafuta matupu: karibu asilimia 80 ni mafuta na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Yale maji yakikutana na moto mkali yanakuwa mvuke, na mvuke ndio unaotenganisha matabaka. Shida yake ni hiyo unayoiona, ikifika nyuzi 32 hivi imeshakuwa mchuzi.

Mafuta ya mgando (mimi natumia Kimbo) ni mafuta asilimia 100. Yanavumilia joto, na mapambo ya ukingoni yanabaki vile ulivyoyafinya. Lakini ganda lake halina ladha yoyote, na linaacha utando kwenye kaakaa. Sikulimaliza.

Lile la tatu ndilo ninalooka mpaka leo: siagi gramu 150, mafuta ya mgando gramu 75. Nusu kwa nusu naona inaua ladha ya siagi bila sababu.

Ila nikuambie ukweli, mkono wako una kazi kubwa kuliko mafuta. Kata siagi vipande, igandishe kwenye friza nusu saa, hata bakuli na unga viweke humo. Vunjavunja kwa ncha za vidole, uache punje kubwa kama njegere. Maji ya barafu tia kijiko kimoja kimoja, ukikaribia vijiko sita vya mezani uanze kupima kwa mkono. Donge likishikana, acha hapohapo. Sisi tuliozoea chapati tunataka kukanda mpaka unga uwe laini, na hapo ndipo pai inapogeuka ngumu, kwa sababu unga uliokandwa unavutika na kurudi. Funga kwa nailoni, uweke kwenye friji saa nzima. Sukuma alfajiri, kabla jiko halijapata joto la mchana.

MpembaWaLeicester (Leicester)

Assalaam alaykum. Huku Uingereza watu wengi wa zamani walitumia mafuta ya nguruwe kwenye ganda, na wapo wanaoendelea nayo. Kwetu hayo hayapo, kwa hiyo nasimama na siagi tupu. Jikoni kwangu kuna baridi miezi minane, siwezi kumsemea mtu wa Dar.

Kuhusu tufaha, Waingereza wana lao la kupikia, Bramley. Mti wake ulioteshwa kwa mbegu na msichana Mary Ann Brailsford huko Southwell mwaka 1809, si mbali na hapa nilipo. Ni chachu kiasi kwamba huwezi kulila bichi, na likipikwa linafumuka kuwa uji mweupe mwepesi. Ndiyo maana nyumba nyingi huku zinafunika ganda juu tu, kwenye bakuli la kina, na kulimwagia kastadi ya moto. Swali la ganda la chini kulowa kwao halipo.

Mtu akikuuliza kiungo cha asili cha pai ya Kiingereza, usimjibu mdalasini peke yake. Ni karafuu. Punje nne au tano zimezikwa katikati ya matufaha, zinatolewa wakati wa kula. Mara ya kwanza mwenyeji wangu alipoipakua, ile harufu ilinirudisha Wete, kwenye majamvi ya kuanikia. Kama mama yako aliionja kwa Waingereza, dada, kuna uwezekano mkubwa anachokikumbuka ni karafuu.

BukavuHadiVermont (Burlington)

Jambo kwenu wote. Ninaishi Vermont, jimbo ambalo mwaka 1999 liliandika kwenye sheria kwamba pai ya tufaha ndiyo pai ya jimbo, na kwamba ukiitoa ujitahidi kuitoa pamoja na maziwa baridi, au kipande cha jibini la chedda, au aiskrimu ya vanila. Nilifika nikidhani wananitania. Leo bila jibini siili.

Mama Sinza, kosa la kwanza ni lile pome jekundu. Zuri machoni, tamu, lakini halina uchachu wa kutosha na likipikwa linalegea bila ladha. Tafuta Granny Smith la kijani, hilo mnalo, linatoka Afrika Kusini. (Asili yake ni Australia: mche ulijiotea kwenye shamba la bibi mmoja, Maria Ann Smith, karibu na Sydney, mwaka 1868.) Linabaki na umbo na lina uchachu. Lakini usilitie peke yake, utamu unakuwa wa upande mmoja. Theluthi mbili la kijani, theluthi moja Golden Delicious, lile la njano.

Kosa la pili ni moto. Nyuzi 180 tangu mwanzo ni ndogo mno kwa ganda la chini: siagi inayeyuka na kunywewa na unga kabla ya mvuke kufanya kazi. Anza nyuzi 220 kwa dakika 20, halafu shusha hadi 190 kwa dakika 40 mpaka 50. Weka trei tupu ya chuma kwenye rafu ya chini, ipate moto pamoja na oveni, kisha pai iketi juu yake. Na utumie sahani ya bati au alumini. Ya udongo ni nzuri mezani ila inachelewa kupata moto.

Maji: kata matufaha vipande vyembamba, changanya na sukari gramu 130, ndimu na chumvi kidogo, uyaache saa moja kwenye chujio juu ya bakuli. Yatatoka maji mengi. Yachemshe peke yake kwenye sufuria mpaka yawe mazito kama asali, uyarudishe, ndipo utie konfulawa vijiko viwili vya mezani. Hutapoteza ladha hata tone.

Na usikate mapema. Saa tatu, nne ikiwezekana. Ule uzito wa ndani unashikana pai inapopoa.

MpembaWaLeicester

Hapo kwenye kutia mabichi sikubaliani nawe, ndugu yangu. Ukitia mabichi, yanasinyaa ndani na unabaki na pango kati ya tunda na ganda la juu. Mimi nayapitisha motoni kwanza.

UngaNaMaziwa

Wote mna haki, ila inategemea unayapitishaje. Yakichemka yanakuwa uji. Lakini ukiyafunika kwenye sufuria kwa moto mdogo sana, yasichemke, yabaki nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika 20 hivi, kinachoshikilia tofaa kinaimarika, na hata ukilioka saa nzima baadaye halisambaratiki. Unaweza kutia kidole haraka bila kuungua, hicho ndicho kipimo changu. Lazima yapoe kabisa kabla hujayaweka kwenye ganda, la sivyo kazi yote ya friji imepotea.

ShangaziWaSoni (Lushoto)

Wanangu hamjambo. Mmetaja matufaa ya Afrika Kusini, ya Uingereza na ya Marekani, na ya hapa hamkuyataja. Milima ya Usambara ina baridi, tuna matufaa, mapeasi na plamu. Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, pale Soni wanakuuzia kwenye vikapu. Ni madogo, mengine yana makovu, watu wa mjini wanayapita kwa sababu hayang'ai. Lakini ni machachu na magumu, na kwenye pai nayaona yanashinda yale yaliyokaa ghalani miezi. Kazi yake ni kumenya mengi. Mwanangu wa Sinza, mtu akishuka na basi nitakutumia kilo mbili, mama ale tunda la nchi yake.

Na kwa wasio na oveni: mimi naoka kwa mkaa. Sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, juu yake kigae, halafu sahani ya pai. Keki tunaiwekea moto mwingi juu na kidogo chini. Pai ni kinyume kwa dakika 20 za kwanza, mkaa wa chini uwake vizuri, ndipo uuhamishie kwenye mfuniko. Ganda langu la chini halijawahi kulowa.

JikoLaSinza

Shikamoo shangazi, na Mungu akubariki, matufaa yalifika yakiwa salama.

Jumamosi nimeoka mbili kabla jua halijachomoza. Zote ganda la gramu 150 kwa 75, zote nyuzi 220 kisha 190, juu ya trei ya moto. Ya kwanza Granny Smith na la njano, mabichi yaliyochujwa. Ya pili matufaa ya Soni, nimeyapasha taratibu bila kuchemka, na karafuu nne.

Ganda la chini limeiva kwenye zote mbili, kavu, unaligonga linalia. Nilisubiri saa tatu na nusu. Ya kwanza imekatika safi zaidi, kipande kimesimama chenyewe. Ya pili imelegea kidogo ukingoni, na kweli la juu halikuacha pango.

Sikumwambia mama ipi ni ipi. Ya kwanza alikula, akaisifu. Ya pili alitia kijiko kimoja mdomoni akanyamaza, kisha akaanza kunitajia majina ya watoto aliowalea Moshi, mmoja baada ya mwingine, majina ambayo sijawahi kuyasikia.

Kwa hiyo siku yake naoka ya Soni na karafuu. Shangazi, nitahitaji kilo nne. UngaNaMaziwa, naomba unisaidie jambo moja: wageni watakuwa 20. Nitengeneze pai tatu za sahani, au moja kubwa ya trei?

UngaNaMaziwa

Tatu, dada. Ya trei katikati inachelewa kuiva. Maganda yasukume siku mbili kabla, yagandishe yakiwa kwenye sahani zake, uyatie matunda asubuhi ileile. Yanaingia motoni yakiwa yameganda, usiyayeyushe, ila uongeze dakika kumi.